Marufuku ya kavera isibaki karatasini

MNAMO Agosti 10, 2024, mlima wa taka wa Kiteezi, kaskazini mwa Kampala, uliporomoka baada ya mvua kubwa na kufukia nyumba na watu. Miili zaidi ya 30 ilifukuliwa. Taifa liliomboleza, wakubwa wa jiji wakafutwa kazi, kisha tukarudia mazoea yetu.

Mazoea hayo ndiyo yanayotutia wasiwasi. Sehemu kubwa ya taka za Kampala ni maganda ya matoke na mabaki ya chakula, vitu ambavyo vingeoza na kuwa mbolea. Lakini sisi huvifunga ndani ya kavera na kuvitupa. Mkulima anayechukua taka hizo kurutubisha shamba hupeleka pia plastiki isiyooza, ambayo huzuia maji kupenya na mizizi kushuka.

Hali si nzuri katika bonde la Nakivubo pia, ambako maji machafu ya jiji hupita kuelekea Ziwa Victoria. Watafiti wamekuta madini hatari kama risasi katika udongo wa bonde hilo, na humo humo hulimwa magimbi. Mnunuzi sokoni hawezi kujua gimbi lake limetoka wapi.

Sisi tuliosomea uhamishoni tulirudi tukijivunia udongo ambao, kwa maneno ya wazee, hata kijiti hukichipusha. Tutawaachia watoto wetu udongo gani?

Sheria ipo. Kavera ilipigwa marufuku mwaka 2009, na Sheria ya Mazingira ya 2019 ikakataza mifuko iliyo chini ya mikroni 30. Lakini ni askari gani wa sokoni mwenye kifaa cha kupima mikroni? Kipimo hicho kimekuwa kichaka cha kujificha. Rwanda (2008), Kenya (2017) na Tanzania (2019) zilikataza mifuko ya kubebea bila kujali unene wake.

Tunaitaka serikali ifuate mfano huo, na msako uanzie viwandani wala si kwa mama anayeuza nyanya. Halmashauri ya jiji nayo itenganishe magari ya taka zinazooza na zisizooza. Wananchi turudie vikapu, na walimu wawafundishe watoto kutenga maganda nyumbani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiteezi tayari pametuonyesha gharama ya ukuta huo.