Uso, Chakula na Neno la Kweli

Kijana mmoja mwanafunzi alilazwa kwetu kwa sababu ya mguu uliovunjika. Kitandani alikuwa akisoma kitabu cha Kiingereza. Siku moja aliniuliza, "Baba, neno hili 'cheer' maana yake nini? Mahali pengine ni furaha, pengine ni kelele, pengine ni chakula. Neno moja linawezaje kuwa mambo matatu?" Nilimjibu kwa kifupi tu, maana wagonjwa wengine walikuwa wakiningoja. Lakini swali lake halikuniacha, na leo nataka kulijibu vizuri zaidi, kwa faida ya kila mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa.

Neno hilo hutamkwa karibu na "chia". Waingereza walilipata kwa Wafaransa katika miaka ya 1200, nao Wafaransa walilipata katika neno la Kilatini "cara". Maana yake ya kwanza haikuwa furaha. Ilikuwa uso. Uso wa huzuni na uso wa furaha, wote waliutaja kwa neno lile lile. Baadaye likawa hali ya moyo inayoonekana usoni, kisha likabaki kwa furaha. Tena likawa chakula kizuri anachoandaliwa mgeni. Waliosoma Kifaransa wanajua kwamba "faire bonne chère" ni kula vizuri. Neno hilo ni ndugu yake. Katika miaka ya 1700 likawa pia sauti za watu wengi wanaompa mtu nguvu, kama tunavyopiga kelele mpira unapokaribia goli. Mwisho likaingia hata kwa wanywaji wanaogonganisha bilauri zao.

Sisi hatuanzi na uso. Twaanza na moyo, twasema kumtia mtu moyo. Na hapa Kasongo na Kabambare, ukiingia penye mgonjwa, utasikia watu wakimwambia, "Kuraji!" Nalo tumelipata kwa Wafaransa, na mzizi wake ni lile neno lao la moyo. Ni neno jema. Lakini mimi nasema hivi: kuraji isiyo na uso, isiyo na chakula, isiyo na kweli, ni kelele tu.

Nitakuambia kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikitumika mahali pengine. Baba mmoja mwenye kifua kikuu aliniuliza kama atapona upesi. Niliona huzuni yake, nikataka kumfurahisha. Nikamwambia, "Kuraji, baba, ugonjwa huu si kitu. Baada ya mwezi mmoja utausahau." Mwezi ulipokwisha, homa ilikuwa imekoma na kikohozi kimepungua. Akarudi kijijini, akaacha dawa. Je, si mimi niliyemwambia mwezi mmoja? Lakini dawa za kifua kikuu humezwa kwa kawaida miezi sita, hata kama mgonjwa anajisikia mzima. Baba yule alirudi akikohoa damu, na mtoto wake mdogo akikohoa naye. Maneno yangu yalikuwa matamu, nayo yaliwadhuru wawili.

Sasa sikiliza habari ya mgonjwa mwingine, aliyepita katika nchi yetu zamani. Mwaka 1870 David Livingstone alikuwa Bambarre, ndiyo Kabambare yetu, mwenye vidonda miguuni. Kwa siku 80 hivi alikaa ndani asiweze kusafiri. Watu wake wengi walikuwa wamemwacha. Watatu tu walibaki naye: Susi, Chuma na Gardner. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, huko Nyangwe kando ya Lualaba, aliona watu wakiuawa sokoni kwa bunduki. Akarudi Ujiji amekonda sana, na moyo wake umevunjika. Alipofika alikuta mali yake yote imeuzwa.

Ndipo Novemba 1871 Susi alikuja mbio kumwambia kwamba mgeni anakuja. Alikuwa Henry Stanley. Stanley hakuwa malaika. Sisi watu wa Kongo twajua kazi aliyomfanyia mfalme Leopold wa Pili baadaye. Lakini siku ile alileta nini? Alileta uso wa mtu aliyesafiri miezi mingi kumtafuta. Alileta barua za watoto wake na habari za ulimwengu. Alileta chakula. Alifungua hata chupa ya divai. Lakini Livingstone alipoandika jinsi alivyopata nafuu, alitaja habari na chakula. Alisema kwamba zamani alikula mara mbili kwa siku pasipo kuonja utamu, sasa alikula mara nne, na baada ya juma moja akaanza kujisikia mwenye nguvu.

Furaha hiyo haikumfanya asife. Alikufa mwaka 1873 katika nchi iitwayo Zambia sasa. Lakini iliinua mtu aliyekuwa amelala chini, akaendelea na kazi yake tena. Wala tusiwasahau Susi na Chuma. Walikuwa pamoja naye Kabambare wakati hapakuwa na barua wala mgeni. Kukaa tu karibu na mgonjwa, hiyo nayo ni kumtia moyo.

Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, neno lile la kijana wetu limo katika Matendo ya Mitume, sura ya 27. Tufani iliwapiga watu 276 ndani ya merikebu. Paulo aliwatia moyo namna gani? Hakusema, "Si kitu." Aliwaambia kwamba hakuna mtu atakayepotea, lakini merikebu itavunjika. Jambo gumu hakulificha. Kisha akatwaa mkate, akamshukuru Mungu, akala mbele yao wote. Ndipo wakachangamka, wakala wao pia. Angalia vema: uso usio na hofu, chakula, na neno la kweli. Vyote vitatu vilikuwa pamoja.

Basi wewe unayekwenda kumtazama mgonjwa, fanya hivi.

Kwanza, kunjua uso wako mlangoni. Mgonjwa anasoma uso wako kabla hujafungua kinywa. Usilie juu yake kama aliyekwisha kufa. Wala msiingie watu kumi kwa kelele. Wagonjwa wengine wanatafuta usingizi. Mwenye kifua kikuu asiogopwe kama mchawi. Fungua madirisha hewa iingie, fuata maagizo ya muuguzi, kisha keti uzungumze naye.

Pili, leta chakula. Bugali na sombe yenye mawese, maharagwe, karanga, samaki wa Lualaba, hivi vitamjenga. Lakini uliza kwanza kama amekatazwa kitu. Usilete pombe kwa siri ukisema unamchangamsha. Anayemeza dawa za kifua kikuu akinywa pombe, ini lake laweza kuharibika.

Tatu, sema kweli kwa upole. Usimwahidi siku usiyoijua. Usimwambie aache dawa kwa kuwa umemwombea. Omba naye, kisha umpe maji ameze dawa yake. Na akiwa na safari ndefu ya dawa, mwambie, "Baba, au mama, miezi ni sita. Mwezi wa kwanza nitakuja, na mwezi wa sita nitakuja."

Kisha uende kweli. Ukimwambia kuraji leo, halafu asikuone tena, amebaki na sauti yako tu.

Yule mwanafunzi aliniuliza kama atacheza mpira baada ya majuma mawili. Nilimwambia, "Hapana, mwanangu. Mfupa unataka miezi, si majuma." Alinuna siku nzima. Jioni mama yake alileta wali na samaki, tukaketi watatu, akala. Alitoka kwetu kwa magongo, naye alikuwa akijua siku ya kurudi ili mguu utazamwe. Siku ile ilipofika, alirudi.