MALI BILA DAFTARI, NA DAFTARI BILA LUGHA

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi sina ugomvi na wahenga. Lakini mwaka jana, nikiwa Kidato cha Tatu, nilijionea kwamba hata mali yenye daftari huweza kupotea, tena mwenyewe akiwa ameishika karatasi mkononi, ikiwa karatasi hiyo imeandikwa kwa maneno asiyoyaelewa.

Kisa chenyewe ni hiki. Babu yangu ni mkulima wa miwa, kama walivyo wazee wengi wa huku kwetu, kuanzia hapa Rongo hadi Awendo na kule Ndhiwa. Miwa si sukuma wiki. Hukaa shambani miezi 18 au zaidi kabla ya kukatwa. Muda huo wote mkulima huenda akikopeshwa: kulimiwa shamba, mbegu, mbolea, kisha kukatiwa miwa na kusafirishiwa. Gharama hizo hukatwa kwenye malipo yake. Kwa hivyo siku ya malipo ikifika, mzee hupewa karatasi iliyojaa tarakimu kutoka juu hadi chini, na maneno ya Kiingereza pembeni.

Jioni moja babu aliniita. "Nyakwara, si wewe ndiwe unayesoma mambo ya biashara? Hebu nisomee hii. Nimepata ngapi?"

Nikaipokea ile karatasi kwa madaha. Chini kabisa paliandikwa "balance", kisha 11,640, kisha herufi mbili: DR. Nikafikiri haraka haraka. "Balance", si ndiyo ile balansi tunayomdai makanga tukishuka kwenye matatu? Na DR, si ni debiti? Mwalimu alitufunza kwamba katika daftari la pesa taslimu, upande wa debiti ndio wa pesa zinazoingia. Basi nikamwambia babu bila kusita: "Babu, umebakishiwa shilingi 11,640."

Mzee alifurahi sana. Kesho yake alichukua mabati kwa mkopo dukani na kumwahidi dada yangu kwamba karo yake itamalizwa kabla ya mtihani. Wiki iliyofuata akaenda kuulizia pesa zake. Huko akaambiwa hana kitu. Yeye ndiye anayedaiwa hizo 11,640, na zitakatwa kwenye mavuno yajayo. Aliporudi nyumbani hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kumbe hii ilikuwa gowi?" Gowi kwa Kijaluo ni deni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Sisimulii haya ili kuilaumu kampuni, wala siitaji. Hesabu yao ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa langu mimi mtafsiri. Nilitafsiri neno, nikasahau kuuliza jambo moja muhimu: hili ni daftari la nani? Katika daftari lako la pesa taslimu, debiti ni pesa zilizokuingia. Lakini katika daftari la kampuni, akaunti yenye jina la babu ikiwa na salio la debiti, maana yake ni kwamba babu anadaiwa na kampuni. Neno ni lile lile, ila aliyeshika kalamu amebadilika.

Nilipomsimulia mwalimu wetu wa Biashara, alicheka, kisha akanifariji. Alisema hata wahasibu waliohitimu huteleza papo hapo, hasa wale wanaotafsiri hesabu za Kifaransa kwa Kiingereza. Nikashangaa. Kifaransa na sisi wapi na wapi? Akanikumbusha kwamba Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Wafanyabiashara wa Goma, Bukavu na Lubumbashi hupatana bei kwa Kiswahili kama sisi, lakini vitabu vyao vya hesabu huandikwa kwa Kifaransa, tena kwa kanuni za OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara. Kongo ilijiunga nao mwaka 2012. Kwa hivyo kampuni ya Nairobi ikiwa na tawi huko, lazima mtu aketi na kuzigeuza hesabu hizo.

Sasa tazama mitego iliyomo. Neno "balance" liko katika lugha zote mbili. Lakini mhasibu wa Kifaransa akisema "balance", kwa kawaida ana maana ya urari, yaani ile orodha ya masalio ya leja zote inayotungwa ili kuona kama pande mbili zinalingana. Ile mizania tunayoijua sisi, wao huiita "bilan". Neno "exercice" nalo si zoezi la darasani, ni mwaka wa hesabu. Na "passif", upande mmoja wa mizania yao, hujumlisha mtaji wa wenye kampuni pamoja na madeni. Mtafsiri mwenye haraka akiandika kwamba "passif" yote ni madeni, amemgeuza mwenye mali kuwa mdaiwa. Yaani amefanya kosa lile lile nililomfanyia babu, ila mimi niligeuza upande wa pili!

Pengine utasema, basi dawa ni sote tukae na Kiingereza tu, tusitafsiri kitu. Hapo ndipo ninapokataa. Kiingereza chenyewe kilifikaje kwenye uhasibu? Kwa kutafsiri! Mwaka 1494 padri wa Kiitaliano, Luca Pacioli, alichapisha mjini Venice kitabu cha hisabati chenye sehemu inayofunza jinsi ya kuandika kila shughuli mara mbili, huku debiti na huku krediti. Wasomi wa siku hizo waliandika kwa Kilatini, lakini yeye alitumia Kiitaliano cha watu wake. Mwaka 1543 kitabu cha mfanyabiashara Jan Ympyn wa Antwerp kuhusu utaratibu huo kikatolewa kwa Kiholanzi, baada ya yeye mwenyewe kufariki, na mwaka huo huo kikatolewa kwa Kifaransa. Mwaka 1547 kikatokea kwa Kiingereza, na jina lake refu lilieleza wazi kwamba kimetolewa katika Kifaransa. Waingereza basi waliketi kama mimi na babu, wakiuliza, "Hili neno ni nini kwetu?"

Hata neno bajeti, ambalo kila mwezi wa Juni linatunyima usingizi, lilianza kama neno la Kifaransa la kale lenye maana ya mfuko mdogo wa ngozi. Lilipita London ndipo likafika kwetu, na mpaka leo waziri hubeba mkoba siku ya kulisoma.

Na Kiswahili je? Kuna wanaodai ati lugha yetu haina maneno ya hesabu. La hasha! Watu wa pwani walifanya biashara na Waarabu na Wahindi karne nyingi kabla ya shule yetu kujengwa. Hesabu, daftari, rasilimali, faida, hasara na gharama zilitoka kwa Waarabu. Hundi na bima zilitoka kwa Wahindi. Maneno haya yalizoea kazi sokoni na bandarini. Baadaye tukaongeza leja, akaunti na risiti, na hakuna aliyekufa.

Tena Kiswahili kina silaha moja ambayo Kiingereza hakina. Wafaransa waliandika juu ya leja zao "doit" upande mmoja, yaani anadaiwa, na "avoir" upande wa pili, yaani kuwa na kitu. Sisi kwa neno moja tu tunaweza kusema nani anamdai nani: TUNAKUDAI. Au: UNATUDAI. Hapo hata mtoto wa darasa la nne hawezi kupotea. Karatasi ya babu ingeandikwa "Tunakudai shilingi 11,640", yale mabati yangebaki dukani na dada yangu hangeahidiwa hewa.

Anayedhani kwamba hili haliwezekani aangalie simu yake. M-Pesa ilianza mwaka 2007 ikiwa na neno letu katika jina lake. Mwaka 2019 ikaja Fuliza. Nenda stendi ya Rongo umuulize mtu wa bodaboda maana ya "overdraft". Atakutazama tu. Muulize Fuliza. Atakueleza inavyokopesha, inavyokata na inavyouma, bila kufungua kamusi. Jambo ni lile lile: kutoa pesa kuliko ulizo nazo. Lilipopewa jina la Kiswahili, likaeleweka mpaka vijijini.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mwalimu mmoja aliniambia, "Kijana, mtihani wa KCSE wa Biashara ni kwa Kiingereza. Ukijaza kichwa istilahi za Kiswahili utaanguka." Hoja yake nzito, na mimi sitaki kuanguka. Sidai tuache Kiingereza darasani. Lakini babu hafanyi KCSE. Yeye anauza miwa. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Kifungu cha 46 nacho kinampa mnunuzi wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji. Mzee aliyekopeshwa mbolea na kulimiwa shamba, je, si amenunua bidhaa na huduma? Basi habari atakayoielewa ni haki yake. Si fadhila.

Tena mwanafunzi anayejua kusema "tunakudai" na "unatudai" hachanganyi debiti na krediti kwenye mtihani. Mimi tangu siku ile ya mabati sijakosa swali hilo hata mara moja. Nililipia somo hilo, au tuseme babu ndiye aliyelilipia.

Kwa hivyo natoa mapendekezo mawili. La kwanza ni kwa wanaoandika karatasi hizo, wawe wa viwanda, vyama vya ushirika au benki: chini ya kila karatasi wekeni mstari mmoja tu wa Kiswahili, unaosema nani anamdai nani, kiasi gani, na kwa ajili ya nini. Wino hautaisha.

La pili ni kwa chama chetu cha Kiswahili. Tumeimba mashairi, tumefanya mijadala, na ni vizuri. Mwaka huu tuongeze kazi moja. Tukae na walimu wa Biashara, tuchague maneno 20 yanayotokea kwenye karatasi za miwa na za benki, tuyaeleze kwa Kiswahili chepesi katika ukurasa mmoja, kila mwanachama aupeleke nyumbani likizo ikifika. Tusiandike neno kwa neno kama kasuku. Kila neno tulijibu kwa maswali matatu: daftari ni la nani, pesa zimetoka wapi, nani anadaiwa?

Karatasi ya kwanza nitampelekea babu mimi mwenyewe. Bado ananiita nimsomee, ila siku hizi huniuliza mara mbili. Simlaumu.

Mwanachama, Kidato cha Nne