Usikate Paa la Hiace kwa Sababu ya Picha ya Staa

Leo naomba tuache kidogo habari za nani kaachana na nani, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu nilipotoka nyumbani Babati wiki iliyopita.

Mnaikumbuka ile picha? Staa mmoja wa kike, jina nalihifadhi, na nyie wataalamu wa kubahatisha kwenye komenti mpumzike leo. Kasimama ndani ya gari, nusu mwili uko nje, paa limeinuliwa juu yake kama mwavuli, na nyuma yake Ziwa Babati linametameta. Kikombe cha kahawa mkononi. Kaandika kwamba siku hizi anaishi ndani ya gari na hana haja ya nyumba. Watu wakamwaga makopa hadi basi.

Kaka yangu naye aliiona, akiwa huko Maisaka. Shida ni kwamba kaka yangu ana Hiace.

Hiyo Hiace siyo ya kuchezea. Nusu ya hela ilitoka kwenye mbaazi za mama, misimu miwili mfululizo. Nusu nyingine kaka alidunduliza mwenyewe. Imepiga abiria wa Babati na Katesh miaka mitatu, na ada ya mdogo wetu aliyeko chuo inatoka humo humo. Nimefika nyumbani Ijumaa jioni nakuta juu ya bati la gari kuna mstari wa chaki umezunguka kama ramani ya kiwanja. Namuuliza kaka, hii nini? Ananijibu kwa furaha kabisa: "Jumatatu fundi anakuja na grenda. Tunaweka paa la kufunguka."

Nisieleweke vibaya, wazo lake siyo la kijinga. Babati iko kama kilomita 170 kutoka Arusha. Tarangire iko njiani, Manyara siyo mbali, na Mlima Hanang uko upande wa Katesh. Vijana wa mjini sasa hivi wanapenda kutoka wikendi na kulala porini kuliko kukaa kwenye viti virefu. Wageni nao wanaoshuka na magari yao kuelekea Dodoma na Iringa wanapita hapo hapo. Kaka anaona gari la kulala linaweza kukodishwa, na mimi nakubaliana naye. Tulipogombana ni kwenye paa.

Nikamuuliza, paa gani? Akasema la kufunguka. Kufunguka vipi? Akatoa simu, akanionyesha picha ya staa.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba wengi wetu tunachanganya mambo. Lile paa la kwenye picha ni paa la safari, lile lile la Land Cruiser za watalii zinazotengenezwa kwenye gereji za Arusha. Linanyanyuka juu lote kwa pamoja, miguu minne, pande zote wazi. Limeundwa ili mtu asimame, atazame tembo, apige picha, akae chini waendelee na safari. Halina kitanda juu. Halina turubai la kuzunguka. Mvua ikija, unalishusha na kufunga, basi. Ukitaka kulala chini ya paa la namna hiyo likiwa wazi, umejianika mwenyewe kwa mbu na umande.

Paa la kulala ni kitu kingine. Lina turubai pande zote, lina wavu, lina zipu, na ubao wa godoro unaokaa juu ya vichwa vya wale wa chini. Wazungu wamelifanya siku nyingi. Wajerumani wa Westfalia walianza kugeuza Kombi za Volkswagen kuwa za kulala tangu miaka ya 1950. Waingereza walikuwa na Dormobile, paa linafunguka upande mmoja kama kitabu, na wakaliweka hadi kwenye Land Rover. Ukiliangalia unaona lilitengenezwa na mtu aliyekwisha kunyeshewa usiku.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya grenda: unataka paa la kusimama au la kulala? Kama hujui, ahirisha Jumatatu.

Swali la pili mafundi wengi hawatakuuliza. Land Cruiser ya safari ina chesisi yake chini, nguvu kubwa iko huko. Hiace na Noah siyo hivyo, bodi yenyewe ndiyo inabeba kazi kubwa. Zile mbavu za bati unazoziona ukibandua kitambaa cha juu hazikuwekwa kwa urembo. Zinashika kuta mbili zisiachane, na gari likipinduka ndizo zinazochelewesha bati kukufikia kichwani. Ukizikata bila kurudisha fremu ya chuma kuzunguka lile shimo lote, umebaki na boksi lisilo na mfuniko. Barabara ya lami unaweza usione. Panda Dareda kwenda Mbulu na watu wanne na mizigo ndiyo utasikia milango inaanza kulalamika.

Nikamuuliza fundi kwa simu, kwa heshima kabisa: "Fundi, ukishakata mbavu unarudisha nini?" Akanijibu: "Tutaangalia hapo hapo." Jamani. Paa la gari la ada ya mtoto, tutaangalia hapo hapo!

Kama fundi wako ana jibu zuri kuliko hilo, endelea kumuuliza. Bawaba ziko mbele au nyuma? Umeshawahi kuona boneti imefunguka gari likiwa mwendo? Upepo unaingia chini yake, inapiga kioo. Paa nalo ni hivyo hivyo. Bawaba zikiwa mbele, lachi ikikatika upepo unalikandamiza paa chini. Zikiwa nyuma, upepo unalibeba. California ya Volkswagen yenyewe inainuka upande wa mbele na bawaba zake ziko nyuma, ila lachi zake ni za kiwandani na zimepimwa. Kwa paa la gereji ya mtaani, mimi nachagua bawaba mbele, na lachi mbili zaidi ya zile anazosema zinatosha.

Muulize pia paa lina uzito gani na litainuliwa na nini. Shokapu za gesi, zile kama za mlango wa nyuma wa Noah, zinachoka. Wote tunajua Noah ambazo mlango wa nyuma unashikiliwa kwa kijiti. Sasa fikiria kijiti hicho kinashikilia faiba ya paa zima, na chini yake kuna watoto wamelala.

Turubai nalo usichague kwa kuangalia rangi itakayopendeza kwenye insta. Anayeijua Tarangire anawajua mbung'o. Wale wadudu wanavutiwa sana na bluu na nyeusi, ndiyo maana hata mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Halafu kuna kijana anataka turubai la bluu iliyokolea kwa sababu linaendana na rimu! Chagua khaki au rangi ya mchanga. Hakikisha wavu uko ndani ya zipu kila dirisha, maana kando ya ziwa mbu hawaangalii nani ana wafuasi wangapi. Na asubuhi usilifunge turubai likiwa na umande. Siku mbili tatu tu za kulikunja likiwa bichi, linashika ukungu, na gari linanuka kama viatu vya mvua.

Msimu wa mvua kwetu unaanza Novemba hivi na kusogea hadi Mei. Kila tundu la bolti juu ya paa ni mlango wa maji. Silikoni peke yake siyo dawa, jua linaipasua. Inatakiwa raba nzuri kuzunguka fremu, na ukingo wa bati uliokunjwa juu ili maji yasiingie hata raba ikilegea. Kaka hakuwa amewaza hata kimoja cha haya. Alikuwa amewaza taa za rangi.

Najua kuna watakaosema mimi ni adui wa maendeleo. Hapana. Paa la kufunguka likitengenezwa vizuri ni zuri kweli. Mchana gari linabaki fupi, halishindani na upepo wala matawi. Usiku unapata sehemu ya kusimama na kitanda cha pili. Mtu mwenye gari lake, halidaiwi na mtu, analala humo usiku mwingi kwa mwaka na ana watoto wa kulaza juu, akate tu, alipe fundi anayejua, apitie kwa wakaguzi wa magari na awaambie watu wa bima kabla, siyo baada. Gari lililobadilishwa bodi kimyakimya, siku ya ajali bima wanaanza kukuuliza maswali usiyokuwa na majibu yake.

Ila kwa wengi wetu kuna njia ambazo hazihitaji grenda. Ya kwanza ni hema la juu ya keria. Mengi yana kama kilo 50 hadi 80, yanafungwa kwa bolti, na siku ukiliuza gari unashusha hema lako. Ubaya wake ni uzito juu na upepo, na keria iwe ya kweli, siyo ya urembo. Ya pili ni kununua Hiace yenye paa refu tangu kiwandani. Ile ya kawaida ina urefu wa karibu mita 2 kutoka chini, ya paa refu inafika kama mita 2.3. Ndani unapata kama mita 1.6, mrefu atainamisha shingo, lakini hakuna turubai, hakuna lachi, na hakuna maji.

Usiku ule tulikaa uani, kila mtu na hoja yake. Mama alikuwa anapepeta mbaazi, kimya muda wote. Mwisho akauliza tu: "Baba, mkishalikata na biashara ikakataa, litarudi kubeba abiria wa Katesh?"

Kaka akanyamaza. Mimi pia. Maswali yangu yote ya bawaba na shokapu hayakufika hapo. Hiace yenye shimo juu hakuna abiria atakayeipanda. Hakuna dereva atakayeinunua kwa bei yake. Viti ukivifungua, bolti zinarudi. Bati likishapita grenda halirudi, na ada ya mtoto nayo haisubiri.

Asubuhi kaka alifuta ile chaki kwa kitambaa cha maji. Siku hiyo hiyo tukafungua viti viwili vya nyuma, tukaweka plaiwudi na godoro, akalala humo uani usiku mbili, mmoja ukiwa wa mvua. Nikamuuliza umekosa nini? Akasema nyota hakuzikumbuka wala. Alichokosa ni kusimama akivaa suruali! Sasa anapiga hesabu: mwakani, kama wateja wa godoro watapatikana, atafute hema la keria. Siku za kazi viti vinarudi, abiria wanapanda.

Na yule staa wetu? Mtu wa jirani na pale ziwani alinisimulia kwamba gari lilifika jioni, lina maandishi ya kampuni ya utalii ubavuni, likapigwa picha, na kabla giza halijaingia likaondoka. Kalala hotelini kama binadamu yeyote mwenye akili. Hilo siyo kosa, kila mtu na kazi yake. Kosa ni kumwambia kijana wa Maisaka kwamba analala chini ya paa ambalo halikutengenezwa kulaliwa. Yeye kapata makopa yake na kurudi mjini, na mstari wa chaki ulibaki kwenye gari la mama yangu.

Mastaa wetu, tunawapenda. Ila mkikodi gari la mtu kwa saa mbili, semeni mmekodi. Haiwapunguzii kitu.

Haya, nawasikiliza. Gari likiwa ni la familia na hela ya mama imo ndani, ungekata? Na wewe ambaye umeshakata, tuambie ukweli: mvua ya kwanza ilikukutaje?