Programu isikisie baruti

Leo naziacha kando hifadhidata na seva, tuzungumze kuhusu risasi. Msikimbie! Tutaishia kwenye programu kama kawaida yetu.

Nina binamu anayeishi Minnesota, Marekani, ambako Wakisii wenzetu ni wengi. Kila Novemba huenda na wenzake wa kazini kuwinda. Sasa ameanza kujaza risasi zake mwenyewe nyumbani, jambo ambalo kule linaruhusiwa na wawindaji wengi hulifanya. Akaniomba nimtengenezee programu ya simu ya kuweka kumbukumbu za risasi hizo. Nimeitengeneza. Ila alitaka na kitufe kimoja zaidi: unaingiza aina ya baruti, uzito wa kichwa cha risasi na aina ya bunduki, kisha programu inakuambia utie baruti kiasi gani. Hicho nimekikataa, na nadhani mwandishi yeyote wa programu anapaswa kukikataa.

Kabla ya kuendelea, tahadhari kwa walio Kenya. Uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku hapa mwaka 1977, na kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai. Kwa hiyo hapa Mosocho hii si burudani ya Jumamosi. Hata mnyama mwenyewe hatuna. Sisi tukisema kulungu tunamaanisha yule wa vichakani mwenye pembe za kudumu. Yule wa Minnesota, mwenye mkia mweupe, ni wa jamii nyingine kabisa. Dume huangusha pembe zake kila mwaka na kuota nyingine.

Haya, risasi ina vitu vinne: ganda la shaba nyeupe, fataki inayowasha moto, baruti, na kichwa kinachoruka. Ukishapiga, ganda hubaki. Mjazaji hutoa fataki iliyotumika, hulirudisha ganda kwenye umbo lake, hutia fataki mpya, hupima baruti kwa mizani, kisha hukandamiza kichwa mahali pake.

Kwa nini mtu ajisumbue wakati dukani zipo? Kwa sababu ya umbali. Risasi iliyotoka kwenye mtutu kwa kasi ya mita 800 kwa sekunde huchukua zaidi ya nusu sekunde kufika mita 400, maana hewa huipunguza mwendo. Ndani ya nusu sekunde kitu chochote huanguka zaidi ya mita moja. Kama risasi zako zinatofautiana kasi, zitaanguka tofauti, na mnyama atakimbia na jeraha aende kufa polepole msituni. Kwa hiyo mjazaji mzuri hatafuti nguvu. Anatafuta risasi zinazofanana.

Tatizo ni kwamba vitu hivyo vinne vimefungiwa kwenye shinikizo kubwa mno. Tairi la gari dogo lina shinikizo la kama pauni 30 kwa inchi mraba. Kiwango cha juu kinachokubalika kwa risasi ya .308 Winchester, kwa mujibu wa SAAMI, chama cha viwango cha watengenezaji wa silaha Marekani, ni pauni 62,000. Hayo yote yanatokea sentimita chache kutoka usoni pako.

Sasa binamu akaniuliza: “Wewe si fundi wa kompyuta? Kitabu kina namba za kichwa chepesi na za kichwa kizito. Changu kiko katikati. Hesabu ya darasa la saba itakushindaje?”

Hesabu hainishindi. Kinachonizuia ni kwamba baruti haifuati mstari ulionyooka. Ukiongeza kidogo karibu na kikomo, shinikizo linaweza kupanda kuliko ulivyotarajia. Na namba ya kitabu haihusu baruti peke yake. Inahusu ganda fulani, fataki fulani, kichwa fulani kilichokandamizwa kina fulani. Maganda ya kijeshi, kwa mfano, mara nyingi ni mazito kuliko ya kiraia, hivyo nafasi ndani ni ndogo, na baruti ileile huleta shinikizo kubwa zaidi. Kitufe hakioni ganda ulilolishika.

Halafu kuna majina. H4831 na IMR 4831 ni baruti mbili zenye namba moja, lakini haziwaki kwa kasi sawa na huruhusiwi kutumia namba za moja kwa nyingine. Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu: vitu viwili, jina moja, na kompyuta inachagua kimojawapo bila kukuuliza.

Na kuna vipimo. Baruti hupimwa kwa greni, na gramu moja ni greni 15.4 hivi. Mtu akiandika “g” na mwingine “gr”, mmoja wao atapotea. Mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazisoma kama vya metriki. Kama wale walikosea, mimi ninayeandika kodi usiku nikisubiri stima irudi nitajiaminije?

Mtu atasema: programu za kukadiria shinikizo zipo tayari, kama QuickLOAD. Kweli zipo. Lakini anayezitumia vizuri huzichukulia kama makadirio ya kulinganisha na kitabu. Tena siku hizi kuna hizi roboti za akili mnemba. Ziulize kiasi cha baruti na zinaweza kukupa namba safi, kwa sentensi nzuri, bila haya yoyote, hata kama namba hiyo haikuwahi kupimwa na mtu. Uzuri wa sentensi ndio unaonitisha.

Hoja nyingine: “Si atajaribu kwanza aone?” Hapo ndipo risasi inatofautiana na kazi yetu. Risasi huwezi kuijua kwa kuitazama, na ukiijaribu imekwisha. Mwezi Aprili 1915 meli ya Kijerumani Kronborg ilizamishwa kwenye maji mafupi ya ghuba ya Manza, karibu na Tanga, ikiwa na shehena ya risasi. Wajerumani waliziopoa, wakazifungua, wakaanika baruti na kuzijaza upya. Nyingi ziligoma kulipuka. Kwa macho zilikuwa risasi kama risasi nyingine. Askari alijua ukweli akishavuta kifyatulio.

Kwa hiyo programu yangu inafanya hivi:

1. Haikubali kuhifadhi kumbukumbu bila jina la kitabu, toleo na ukurasa.
2. Kila uwanja huanza mtupu. Hakuna namba iliyojazwa tayari, wala kunakili ya jana.
3. “Greni” huandikwa kwa ukamilifu kila mahali.
4. Jina la baruti huchaguliwa pamoja na kampuni na namba ya shehena iliyo kwenye kopo.
5. Ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo, inakuonya: badilisha kimoja, ujue kipi kimeleta tofauti.
6. Inarekodi halijoto na kasi iliyopimwa, maana risasi iliyojaribiwa Julai haitakuwa na kasi ileile kwenye baridi ya Novemba.

Hapa kwetu tunaijua kanuni hii. Nenda duka la dawa za mifugo ununue dawa ya kupe. Jirani atakuambia “weka vifuniko viwili tu, mimi hufanya hivyo.” Lakini kifuniko chake ni cha chupa gani? Dawa yake ni ileile? Mwenye busara anasoma kibandiko. Jirani hana nia mbaya. Ana ng'ombe wengine na chupa nyingine.

Msimamo wangu ni huu: pale ambapo kosa halirudishwi nyuma, programu imwonyeshe mtu chanzo cha namba, au inyamaze. Mteja akinuna, anune. Binamu nimemwambia anunue kitabu cha toleo la sasa, akilinganishe na jedwali la mtengenezaji wa baruti, aanzie kiasi cha chini kilichoandikwa, na aweke kopo moja tu mezani. Hilo la kopo moja halihitaji hata programu.