Kabla ya kununua mfumo wa ghala, muulizeni mtunza stoo

Wafanyabiashara wa jumla wanaohama kutoka kwenye leja kwenda kwenye kompyuta wanaongezeka, na hilo ni jambo la kuungwa mkono. Ghala la vipuri, la dawa au la vifaa vya ujenzi likishakua, hakuna kichwa cha mtu kinachoweza kukumbuka kila kilichomo. Kinachonitia wasiwasi ni jinsi mifumo hiyo inavyochaguliwa. Muuzaji wa programu hupokelewa ofisini kwa mkurugenzi, hufungua kompyuta yake na kuonyesha michoro ya rangi inayopanda na kushuka, mhasibu huulizwa kama bei inalipika, mkataba husainiwa. Mtunza stoo, ambaye ndiye atakayeutumia mfumo huo kutwa nzima, huitwa siku ya mafunzo. Nasema mambo haya yamegeuzwa miguu juu. Mtunza stoo ndiye wa kuulizwa mwanzo, na akionyesha kwamba mfumo unakwama katika ghala lake, ununuzi usimame mpaka alichokionyesha kipatiwe jibu.

Sababu iko ndani ya stoo yenyewe. Chukua bidhaa moja tu, sabuni ya mche. Hupokelewa kwa katoni. Huuzwa kwa katoni kwa mwenye duka, kwa nusu katoni kwa mwenye genge, na pengine mche mmoja mmoja kwa anayepita. Kwenye leja imeandikwa "sabuni ya mche", ukurasa wa pili "sab. mche nyeupe", na kwenye hati ya kupokelea mzigo limeandikwa jina la kiwanda peke yake. Mtunza stoo anajua kwamba majina hayo matatu ni kitu kimoja, na anajua katoni ya kiwanda hiki inavyotofautiana na ya kiwanda kile. Kompyuta haijui. Ikiingiziwa majina matatu itahesabu bidhaa tatu; ikiambiwa zimeingia 40 bila kuambiwa ni katoni, halafu mauzo yakaandikwa kwa mche, kabla ya jioni itaonyesha salio chini ya sifuri huku sabuni zimepangwa hadi darini. Zidisha hayo kwa bidhaa zote za ghala. Kwenye dawa ugumu unaongezeka, kwa kuwa maboksi mawili ya dawa ileile hayalingani: moja linaisha muda wake Machi, jingine Desemba, na la Machi ndilo linalopaswa kutangulia kutoka. Ujuzi wote huu haumo kwenye vipeperushi vya muuzaji wala kwenye kabati la mhasibu. Umo kichwani mwa mtu mmoja au wawili, na usipotolewa humo kwa subira, mfumo utaanza kazi bila ujuzi huo.

Anayedhani haya ni matatizo ya biashara ndogo aangalie yaliyoipata Target, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, ilipoingia Kanada. Ilifungua maduka ya kwanza huko Machi 2013, yakafika 133, na Januari 2015 ikatangaza kuyafunga yote, yakiwa na wafanyakazi wapatao 17,600. Sababu zilikuwa nyingi, bei zikiwamo, lakini mojawapo kubwa ilikuwa taarifa za bidhaa. Kampuni ilichukua mfumo mpya wa programu ya SAP, na maelezo ya bidhaa zipatazo 75,000 yakaingizwa mbiombio na vijana ambao hawakuwa na uzoefu wa kutambua kosa wakiliona. Inchi ziliandikwa mahali pa sentimita, urefu mahali pa upana, na idadi ya vitu ndani ya katoni ikakosewa. Ilikadiriwa kwamba taarifa sahihi zilikuwa kama asilimia 30 tu, wakati nyumbani Marekani kampuni hiyohiyo ilizoea asilimia 98 au 99. Maghala yakafurika mizigo huku rafu za maduka ziko tupu. Programu hiyo hutumiwa na kampuni kubwa duniani kote. Huko Kanada nayo iliamini tu ilichoambiwa.

Pingamizi la kwanza nalijua, na lina uzito: mtunza stoo ana maslahi yake. Huenda kuna mali iliyopungua ambayo mfumo utaifichua. Huenda anaipenda leja kwa kuwa ni yeye peke yake anayeweza kuisoma. Ukimpa nafasi ya kukataa, atakataa kila kitu. Wapo wa namna hiyo. Lakini ninachopendekeza ni asikilizwe kuhusu kazi, wala hilo halimwondolei kukaguliwa. Akisema skana haisomi mistari ya bakodi kwenye katoni iliyochakaa, jambo hilo linajaribika papo hapo. Akisema tu kwamba mfumo haufai, aulizwe ni hatua gani inayokwama, na asipoweza kuionyesha, kazi iendelee. Wakati huohuo mali yote ihesabiwe kwa mikono kabla ya mfumo kuwashwa, tena na watu wa idara nyingine, makundi mawili yasiyoonyeshana karatasi. Hapa ndipo wenye biashara wanapoumia bila kujua: wanazichukua tarakimu za leja na kuziingiza kwenye kompyuta kama zilivyo. Upotevu wa miaka unageuka kuwa salio la kuanzia, na atakayebebeshwa lawama ni yeyote atakayekuwa zamu siku upungufu utakapoonekana. Hiyo ni dhuluma kwa mfanyakazi, na ni hasara kwa mwenye mali kwa sababu mwizi wa kweli amekwisha kusafishwa. Isitoshe, mfumo uliosukumwa kwa nguvu hauzuii wizi. Mzigo utatoka kwa kikaratasi, kwa ahadi ya "nitaingiza baadaye", na baada ya miezi michache kutakuwa na maghala mawili, moja la kwenye skrini na jingine la kweli.

Pingamizi la pili hutoka kwa washauri: mifumo mikubwa imejengwa juu ya uzoefu wa kampuni nyingi, kwa hiyo kampuni ndiyo ijirekebishe, programu iachwe ilivyo. Nakubali nusu yake. Lidl, kampuni ya maduka ya Ujerumani, ilianza mradi wake wa SAP mwaka 2011 na kuuacha mwaka 2018, baada ya gharama zilizoripotiwa kufika karibu euro milioni 500. Kikwazo kimoja kilichotajwa ni kwamba Lidl ilithaminisha mali yake kwa bei ya kununulia, programu nayo iliundwa kwa bei ya kuuzia. Kampuni haikutaka kubadilika, programu ikabaki kurekebishwa na kurekebishwa tena. Kweli, zipo desturi za kazi zisizostahili kutetewa. Ila kuzitenganisha na zile zinazoibeba biashara ni kazi ya kufanywa kabla ya kusaini, na wanaoshika mzigo kwa mikono yao. Mwenye ghala Kariakoo au Mwanza hana miaka saba ya kujifunza.

Mtunza stoo anajua pia majira. Mwaka 1999 Hershey, kampuni ya chokoleti ya Marekani, iliwasha mwezi Julai mifumo mipya iliyogharimu dola milioni 112, maagizo ya sikukuu ya Halloween yakianza kumiminika. Maagizo ya dola milioni 100 hivi yakashindwa kufika kwa wateja, ingawa bidhaa zilikuwamo ghalani. Anayeuza sukari, tende na unga asiguse mfumo mpya Ramadhani ikikaribia. Wa madaftari na sare asianze Desemba.

Watakaosema haya yote ni ya wenye fedha nyingi wakumbuke kwamba programu za Odoo na ERPNext zina matoleo yasiyolipiwa leseni, na ghala dogo linaweza kuanzia hapo. Kazi ya kuhesabu, kubandika lebo kwenye rafu na kumlipa mtunza stoo saa za ziada ndiyo itakayokula fedha, na ndiko fedha zinakostahili kwenda. Wala mtu asijiridhishe kwamba mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, inamtosha. Tangu mashine hizo zilipoanza kutumika Tanzania mwaka 2010, zinaandika kilichouzwa. Kilichobaki stoo, kilichovunjika na kilichooza hazikijui.

Kwa hiyo wewe mwenye biashara, kabla ya kusaini mkataba, mwambie muuzaji alete mfumo wake stoo siku lori linaposhusha. Mtunza stoo aupokee mzigo huo kwa mfumo, atoe wa kuuzwa, arudishe kilichovunjika, na katikati ya kazi intaneti izimwe kwa nusu saa. Muuzaji akikataa jaribio hilo, usisaini.