Kamera za mkanda zirudi kazini, negativu za kanda ya ziwa ziokolewe

Kamera ya mkanda ni sanduku lisilopitisha mwanga, lenye lenzi mbele, shata katikati na filamu nyuma. Lenzi hukusanya mwanga, shata hufunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, na chembe za chumvi ya fedha zilizopakwa juu ya filamu hubadilika pale zilipoguswa na mwanga huo. Picha haionekani mpaka mkanda usafishwe kwa dawa gizani. Hakuna kompyuta wala skrini, na katika kamera nyingi za kabla ya mwaka 1970 hakuna hata betri. Ndiyo sababu kamera iliyotengenezwa miaka sitini iliyopita, ikitunzwa vizuri, hupiga picha leo kama ilivyopiga siku ilipotoka kiwandani. Jijini Mwanza na katika miji mingine ya kando ya Ziwa Victoria, kamera za aina hii bado zinapatikana kwa wapiga picha wastaafu, kwenye masanduku ya familia na kwa mafundi wa redio na saa. Zinastahili kukusanywa, na zaidi ya kukusanywa, zinastahili kufanya kazi.

Upigaji picha ulifika Afrika Mashariki mapema. Msafiri mgunduzi James Augustus Grant alipiga picha Zanzibar mwaka 1860, miaka miwili tu baada ya mwenzake John Hanning Speke kulifikia ziwa hili upande wa Mwanza. Kamera za wakati huo zilitumia vioo vilivyopakwa dawa, na safari ya mpiga picha ilihitaji wapagazi. Mambo yalibadilika mwaka 1888, George Eastman alipoanza kuuza Kodak yenye mkanda wa kuzungushwa, na yakabadilika zaidi mwaka 1900, kampuni yake ilipotoa Brownie kwa bei ya dola moja. Mwaka 1925 Leica ilileta sokoni kamera ndogo inayotumia mkanda wa milimita 35, wenye picha za milimita 24 kwa 36. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, kamera, karatasi na dawa vilikuwa bidhaa zinazosafirishika kama bidhaa nyingine.

Studio ndizo zilizoifanya picha kuwa mali ya watu wa kawaida. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mombasa ikampata N. V. Parekh, na Lamu ikampata Omar Said Bakor, aliyekata na kuunganisha picha kwa ustadi mkubwa. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza na Brownie iliyokwisha kutumika, kisha mwaka 1963 akaanzisha Camerapix jijini Dar es Salaam. Miji ya ziwani nayo ilikuwa na studio zake, zenye pazia la kuchora, kiti cha kifahari na albamu ya mifano mezani. Humo ndimo walimopigiwa picha maharusi, wahitimu, mabaharia wa meli na wakulima wa pamba waliokuwa na fedha za msimu.

Kamera za kukusanya zimegawanyika katika makundi matatu. La kwanza ni za lenzi mbili, moja ya kutazamia na nyingine ya kupigia, zinazotumia mkanda mpana wa namba 120. Rolleiflex ya Ujerumani iliueneza mtindo huo kuanzia mwaka 1929, na Yashica ya Japani ikautengeneza kwa bei nafuu zaidi. Yashica Mat-124G, iliyotoka mwaka 1970, ni mfano mzuri. Mpiga picha hufungua kofia ya juu, kuta nne za bati husimama kuzunguka kioo cha ukungu, naye huinamisha kichwa kifuani na kuiona sura ya mteja, kushoto kukiwa kulia. Mkono wa kushoto huzungusha kirungu cha kulengea, wa kulia huzungusha mpini wa kusogeza mkanda. Kila mkanda una picha 12 za mraba. Kwa kuwa mpiga picha ameinama, mteja hatazamani naye macho kwa macho, na watu wenye haya hutulia mbele ya kamera hii.

Kundi la pili ni kamera za lenzi moja inayobadilishwa, zinazotumia mkanda wa kawaida wa picha 36. Humo zimo Zenit-E ya Urusi ya Kisovieti, Pentax K1000 iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1997, na Nikon FM2 ya mwaka 1982. Zenit ni nzito na ina kasi chache, kuanzia 1/30 hadi 1/500 ya sekunde, lakini ni imara na fundi mwenye subira anaweza kuifungua. Kundi la tatu ni kamera ndogo za mfukoni, kama Olympus Trip 35, ambayo kipimo chake cha mwanga huendeshwa na mwanga wenyewe bila betri.

Mnunuzi akaguaye kwa makini hataingia hasara. Jambo la kwanza ni lenzi: imulikwe kwa tochi kutoka nyuma. Kuvu huonekana kama nyuzi nyembamba zenye matawi, zilizotandaa kutoka ukingoni kuelekea katikati. Kuvu kidogo husafishika. Kuvu iliyokaa miaka mingi huwa imekwisha kula ngozi ya kioo. Jambo la pili ni shata: mgongo wa kamera ufunguliwe, kasi zote zijaribiwe, hasa zile za polepole, maana grisi ikikauka sekunde moja huwa mbili au shata hugoma kabisa. Jambo la tatu ni sponji nyeusi za kuzuia mwanga kwenye kingo za mlango. Hizo huoza na kuwa kama lami, na ndizo zinazosababisha mikanda kuungua hata pale mlango unapoonekana umefungwa vizuri. Kuzibadilisha ni kazi ya saa moja na gharama ndogo. Mwisho ni chumba cha betri: ukijani wa kutu uliojaa humo ni sababu ya kuteremsha bei. Baadhi ya kamera za zamani zilitumia betri za zebaki za volti 1.35, ambazo hazitengenezwi tena. Betri za vifaa vya kusaidia kusikia, zenye volti 1.4, huziba pengo hilo.

Mwanga wa Mwanza una tabia zake. Jiji liko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa Ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, na jua la mchana husimama utosini. Kanuni ya zamani inafaa sana hapa: jua likiwa wazi, tundu la lenzi liwekwe f/16, na kasi ya shata ilingane na namba ya mkanda. Mkanda wa ISO 400 hupigwa kwa 1/500. Hata hivyo, maji ya ziwa na miamba mikubwa ya mawe inayozunguka jiji hurudisha mwanga mwingi, na kipimo cha kamera hudanganyika na kuufanya uso wa mtu kuwa mweusi usiosomeka. Dawa yake ni kupima mwanga karibu na uso wenyewe, au kufungua tundu hatua moja au mbili. Mkanda wa negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Elimu hii ina uzito wa pekee kwa Waafrika, kwa sababu kadi ambazo Kodak iliwapa wasafishaji picha kwa ajili ya kusawazishia rangi, kwa miaka mingi zilibeba sura ya mwanamke mweupe. Wapiga picha wa huku ilibidi wajifunze kwa mikono yao wenyewe namna ya kuitendea haki ngozi nyeusi.

Saa nzuri ni asubuhi kabla ya saa tatu na jioni baada ya saa kumi, wakati mitumbwi ya uvuvi inapopita karibu na mwamba wa Jiwe la Bismarck na vivuli vinapokuwa virefu. Jioni ina adui mmoja, nao ni wadudu wadogo wa ziwani. Huibuka kwa mamilioni, hasa mwezi unapoandama, na kwa mbali huonekana kama nguzo za moshi juu ya maji. Hufuata taa. Anayebadilisha lenzi au mkanda ufukweni wakati huo hujikuta ana mabawa na miguu ya wadudu juu ya kioo cha ndani. Kazi hiyo ifanyiwe ndani ya gari au chumbani.

Kusafisha mkanda wa rangi kunahitaji dawa iliyoshikiliwa kwenye nyuzi joto 38, na mitambo iliyofanya kazi hiyo mijini iliondoka kadiri kamera za kidijitali na simu zilivyoenea. Mkanda wa picha nyeusi na nyeupe husafishika nyumbani. Kinachotakiwa ni tangi dogo lisilopitisha mwanga, mfuko mweusi wa kuingizia mkanda, dawa ya kusafishia kama D-76, dawa ya kugandisha picha, na maji safi. Vitabu hupanga kazi hiyo kwa nyuzi 20, ilhali maji ya bomba kanda ya ziwa huwa na joto zaidi. Kwenye nyuzi 24 muda wa kusafisha hupungua kwa karibu theluthi, na muda ukiwa mfupi mno picha hutoka na madoa ya kutolingana. Maji ya mtungi wa udongo, yanayopozwa na jasho la mtungi wenyewe, husaidia kuishusha dawa kwenye joto linalofaa. Barafu kwenye beseni humalizia kazi. Dawa iliyokwisha kugandisha picha imebeba fedha ndani yake, kwa hiyo isimwagwe ziwani wala kwenye mfereji unaoelekea ziwani.

Asiyemudu gharama za mkanda anaweza kuanza na lenzi peke yake. Lenzi nyingi za Zenit, kama Helios-44 ya milimita 58, hufungwa kwa uzi wa M42, na kwa adapta ndogo huingia kwenye kamera nyingi za kidijitali zisizo na kioo cha ndani. Kulenga hufanywa kwa mkono. Helios ina umbo lililonakiliwa kutoka Biotar ya Carl Zeiss, na majani yaliyo nyuma ya mtu huonekana kama yanazunguka. Kwa kijana anayepiga picha za harusi katika wilaya za Ilemela au Nyamagana mkoani Mwanza, lenzi kama hiyo ni njia ya kuzipa kazi zake sura ya pekee.

Utunzaji ndio mtihani mkubwa ziwani. Kuvu hustawi hewa inapokuwa na unyevu wa asilimia 65 na zaidi. Mikoba ya ngozi, ijapokuwa inapendeza, hushika unyevu na kulisha kuvu, hivyo kamera isihifadhiwe ndani yake. Ndoo au kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokaushwa kila baada ya wiki chache, linatosha. Kamera itolewe mara kwa mara, shata ifyatuliwe, lenzi ipate mwanga wa jua kwa muda. Kamera inayotumika hudumu kuliko inayofungiwa kabatini, na huo ndio ushahidi kwamba mkusanyaji bora ni yule anayepiga picha.

Hata hivyo, mali kubwa kuliko kamera ni negativu. Filamu nyingi za karne iliyopita zilitengenezwa kwa asetati, ambayo huoza taratibu na kutoa harufu ya siki. Vipimo vya Image Permanence Institute ya Marekani vinaonyesha kuwa filamu mpya ya asetati, ikitunzwa kwenye nyuzi joto 21 na unyevu wa asilimia 50, huanza kuoza baada ya miaka 40 hivi. Mchana wa Mwanza hufika nyuzi 28, na muda huo hufupika sana. Maana yake ni kwamba negativu za miaka ya 1960 na 1970 zilizomo kwenye makopo ya studio za zamani ziko ukingoni. Hata meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mpiga picha wa kawaida hakuwa na chombo kingine ila kamera ya mkanda. Kumbukumbu za msiba ule, kama za harusi, mahafali na mikutano ya vyama vya ushirika vya pamba, ziko kwenye filamu.

Uganda, nchi inayochangia ziwa hilihili, imetoa somo. Mwaka 2015 maelfu ya negativu za enzi za Idi Amin zilikutwa kwenye kabati la shirika la utangazaji la taifa, na mwaka 2019 picha zilizotokana nazo zilionyeshwa katika Makumbusho ya Uganda mjini Kampala. Zisingehifadhiwa, sehemu ya historia ya nchi ingepotea. Tanzania ina hazina ya picha za serikali katika Idara ya Habari (MAELEZO), lakini picha za wananchi wa kawaida hazina mlinzi wa namna hiyo.

Mwanza ina taasisi zinazoweza kuibeba kazi hii. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, tayari hutunza ngoma, viti vya machifu na zana za kale. Picha ni ndugu wa vitu hivyo. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT, hufundisha wanahabari, na wanafunzi wake wanaweza kujifunza kusafisha mkanda, kuchanganua negativu kwa kompyuta na kuandika majina ya watu na mahali wakati wazee wanaowatambua wangali hai. Familia ziombwe ridhaa kabla picha hazijaonyeshwa hadharani, na wenye studio walipwe haki yao.

Mwenye kopo la negativu nyumbani asilitupe. Azitoe kwenye plastiki iliyogandana, azipange kwenye bahasha za karatasi, aandike mwaka na majina, na azipeleke kwa anayeweza kuzitunza. Mwenye kamera kabatini aitie mkanda. Mafundi na wapiga picha wanaoijua kazi hii ni wazee sasa, na kila kijana atakayekaa nao mwaka huu atakuwa ameokoa elimu ambayo hakuna kiwanda kitakachoirudisha.