Utafiti wa Figo Usimpite Askari

Leo tunapenda kuzungumza na askari wetu wa jeshi na polisi walioko Arua na Koboko juu ya jambo ambalo aghalabu huachiwa madaktari wa mji mkuu peke yao, nalo ni utafiti wa maradhi ya figo: nani husomeshwa kuufanya, kwa fedha za nani, na kwa nini kambi na vituo vya mpakani vistahili kuwamo katika habari hiyo. Tunasema na askari wote, si waganga wao tu, kwa kuwa mganga wa kambi hawezi kwenda masomoni bila ya kamanda kukubali, wala hawezi kupata cha kuchunguza bila ya askari kukubali kupimwa.

Figo ni kiungo kisicholalamika. Mtu aweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya figo zake naye bado analinda lindo, anacheza mpira na kula vizuri. Shinikizo la damu, kisukari na virusi vya UKIMWI huzila polepole. Juu ya hayo askari anayo yake mwenyewe: jua la saa saba, jasho, chupa ya maji iliyokwisha kabla ya doria kwisha, na vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ambavyo hununuliwa dukani na kumezwa kama njugu ili goti lisimwangushe mtu mbele ya wenzake. Vidonge hivyo hupunguza damu inayofika katika figo, na madhara yake huzidi kwa mwili uliokauka maji. Tena yupo askari anayekimbizwa kupita kiasi mpaka misuli yake huvunjika, na taka za misuli hiyo zikaziba figo. Akiona mkojo wake umegeuka rangi ya chai ya rangi, asingoje kesho.

Figo zikishindwa kabisa, iliyobaki ni mashine ya kusafisha damu mara mbili au tatu kila wiki, maisha yote, au kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Koboko alilazimika kuhamia Kampala, mwendo wa kilomita zaidi ya 500, aishi karibu na mashine. Uganda ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza katika Hospitali ya Mulago mnamo Desemba 2023, baada ya sheria ya kutoa na kupandikiza viungo kupita mwaka huo huo. Ni hatua ya kujivunia. Hata hivyo kupandikiza ni tiba ya wachache, na anayetaka kuwaokoa wengi hana budi kujua mapema ni nani anayeugua na kwa sababu gani. Hapo ndipo utafiti unapoingia.

Na West Nile si mgeni wa utafiti. Mwaka 1937 damu ya mama mmoja wa Omogo aliyekuwa na homa ilichukuliwa na wataalamu wa Entebbe, wakaona ndani yake kirusi ambacho hakijapata kujulikana, wakakipa jina la wilaya. Kirusi hicho kilipofika New York mwaka 1999 dunia nzima ikatamka jina la West Nile, na hatudhani kwamba mmoja katika mia wa waliolitamka aliweza kuionyesha Arua katika ramani. Kati ya mwaka 1972 na 1974 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani walitoa damu kwa watoto wapatao 42,000 wa wilaya hiyo hiyo, ili kuchunguza uvimbe wa taya uitwao Burkitt. Damu ilipimwa Lyon, Ufaransa, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 1978 yalikuwa miongoni mwa ushahidi wa nguvu kwamba kirusi chaweza kuleta saratani kwa mwanadamu. Wazee wa leo wa Arua na Koboko ndio watoto wa jana walionyoosha mikono kwa sindano ile. Elimu ilipatikana, nayo ni elimu ya kweli. Lakini majina yaliyoandikwa juu yake karibu yote ni ya watu wa mbali.

Kuna mfano mwingine tunaoupenda zaidi, kwa sababu unahusu fedha. Daktari Ted Williams na ndugu yake Peter, wa Hospitali ya Kuluva iliyo nje kidogo ya Arua, waliandika kwa uangalifu habari za kila mgonjwa wa saratani aliyefika kwao. Mwaka 1961 Ted Williams, aliyekuwa fundi wa magari pia, alisafiri pamoja na Denis Burkitt na Cliff Nelson maili 10,000 kwa gari la zamani, wakipita hospitali baada ya hospitali hata kusini mwa Afrika kuuliza ugonjwa ule wapi upo na wapi haupo. Safari nzima iligharimu pauni 678, na ruzuku ya kwanza kabisa aliyopata Burkitt kwa kazi yake ilikuwa pauni 25. Daftari la Kuluva nalo likawa msingi wa maandishi yaliyosomwa na madaktari wa dunia mwaka 1967. Basi tusiambiwe kwamba utafiti ni lazima uanze na jengo la ghorofa na mashine za mabilioni. Ulianza na daftari lililopigwa mistari.

Sasa tuje kwenye swali ambalo, kwa maoni yetu, ni haki ya West Nile kuliuliza kabla ya mtu mwingine. Askari waliokulia kando ya mito ya Koboko, Maracha na Yumbe wanaujua ugonjwa wa malale na mbung'o wauletao. Shirika la Afya Duniani lilithibitisha mwaka 2022 kwamba Uganda imeyashinda malale ya aina hii ya kaskazini-magharibi kiasi cha kuacha kuwa tishio kwa afya ya umma, na vile vitambaa vidogo vya buluu vilivyotundikwa mitoni vilifanya sehemu yake. Lakini malale yameacha alama ndani ya damu ya Waafrika. Katika damu ya binadamu kuna kinga inayoua vijidudu vya malale, nayo hutengenezwa na jeni iitwayo APOL1. Mwaka 2010 wataalamu walitangaza kwamba aina mbili za jeni hiyo, G1 na G2, zilienea Afrika kwa kuwa zilimsaidia mtu dhidi ya vijidudu hivyo. Ila anayerithi aina hizo kwa baba na kwa mama pia huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuharibika figo. Silaha iliyowalinda mababu ndiyo inayoweza kumdhuru mjukuu.

Mwaka 2024 mtandao wa watafiti wa Kiafrika, uliolelewa na mpango wa H3Africa kwa fedha za Marekani na za mfuko wa Wellcome wa Uingereza, ulitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 8,000 wa Ghana na Nigeria. Karibu watu watatu katika kila kumi walikuwa na urithi huo wa pande zote mbili, na hata aliyeupata kwa mzazi mmoja hakuwa salama kabisa. Dawa ya kuzuia madhara ya jeni hiyo, iitwayo inaxaplin, imekwisha kufanyiwa majaribio kwa wagonjwa. Je, watu wa Arua na Koboko, ambao mababu zao walipambana na malale kwa vizazi, wamebeba nini? Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili za malale, moja kaskazini-magharibi na nyingine kusini-mashariki. Majibu ya Ghana hayawezi kuazimwa tu yakavalishwa Koboko.

Lipo na jambo la vipimo. Hospitali hupima figo kwa taka ya damu iitwayo kreatinini, na taka hiyo hutoka misulini. Uchunguzi uliofanywa Uganda, Malawi na Afrika Kusini, ukatangazwa mwaka 2022 baada ya kupima watu zaidi ya 2,500, ulionyesha kwamba hesabu zilizotungwa Ulaya na Marekani huziona figo za watu wetu kuwa nzima kuliko zilivyo. Wagonjwa wengi hupita bila kuonekana. Kwa askari mwenye misuli iliyojengwa na mazoezi kosa laweza kuwa la upande mwingine, akaambiwa mgonjwa naye ni mzima. Mganga wa kambi aliyesomeshwa utafiti ndiye atakayelijua hilo.

Nafasi za kusoma zipo. Jumuiya ya Kimataifa ya Elimu ya Figo, iliyoanzishwa mwaka 1960, imekuwa ikiwapeleka madaktari wa nchi zinazoendelea katika hospitali zenye utaalamu tangu miaka ya 1980, kwa sharti ambalo twaliunga mkono: mwanafunzi hana budi kurudi kwao. Mwaka 2014 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mikopo ya vituo bora vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Uganda ikapewa saratani, Tanzania moyo, Kenya figo, kiasi kwamba njia ya mtaalamu wa figo wa Arua yaweza kupita Nairobi badala ya London. Makerere imeongoza mipango ya kulea watafiti, THRiVE ukiwa mmoja wao, ambao ulikishirikisha Chuo Kikuu cha Gulu. Chuo Kikuu cha Muni kilichofunguliwa Arua mwaka 2013 husomesha wauguzi, na muuguzi ni mtafiti pia akifundishwa. Mwezi Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio lake la kwanza juu ya afya ya figo.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji kwamba mlango uko wazi sana. Mwaka huo huo wa 2025 Marekani ilivunja shirika lake la misaada la USAID, na taasisi zake za utafiti wa afya zikasimamisha utaratibu wa zamani wa kupitishia fedha kwa washirika wa nje. Wanaotegemea mfuko mmoja wameona matokeo yake. Kwa sababu hiyo twasema serikali, jeshi na polisi watenge fungu lao, hata likiwa dogo mfano wa zile pauni 25, la kuwasomesha waganga wao wenyewe.

Wapo watakaosema kazi ya askari ni bunduki. Kambi ina kitu ambacho watafiti wa raia hukitafuta kwa gharama kubwa: watu wanaojulikana kwa namba, wanaopimwa mara kwa mara, wanaoweza kufuatiwa miaka kumi au ishirini. Utafiti wa AFRICOS, ulioanza mwaka 2013 katika Uganda, Kenya, Tanzania na Nigeria chini ya mpango wa utafiti wa jeshi la Marekani, ulifuatilia watu wenye virusi vya UKIMWI na wasio navyo, na figo zao zikapimwa humo humo.

Lakini kitu hicho hicho kina hatari yake. Askari amezoea amri. Akiambiwa na mkubwa wake anyooshe mkono, atanyoosha. Miongozo ya kimataifa ya maadili ya utafiti imewataja wazi askari wa jeshi na polisi miongoni mwa watu ambao ridhaa yao yaweza kuwa si ya hiari. Huko Cuba mwaka 1900, katika uchunguzi wa homa ya manjano, Walter Reed aliwapa waliojitolea mkataba wa maandishi, jambo geni wakati ule. Nasi tunataka zaidi ya hapo: ofisa asiwepo chumbani wakati askari anaulizwa kama akubali, anayekataa asiandikwe popote, na majibu ya kipimo yawe ya mgonjwa na daktari wake. Askari mwenye ugonjwa wa figo akiona kwamba kupimwa ndiko kulikomnyima cheo, hatapimwa tena, wala wenzake.

La mwisho ni uhamisho. Utafiti wa figo hudai miaka. Mganga aliyesomeshwa kwa fedha nyingi, akaanza daftari lake Koboko, kisha akapelekwa Karamoja baada ya miezi minane, huliacha daftari katika kabati na mrithi wake hajui lilikuwa la nini. Tunawaomba makamanda, watakapotia sahihi likizo ya masomo ya mganga, watie sahihi pia kwamba atarudi katika kituo kile kile na kukaa hapo mpaka kazi yake ikamilike.